Karai Ambalo Sikulichoma

Vijana wa kambini, siku ile ya kuniaga mliniomba niandike yale niliyoyaona kazini, tangu nilipoanza kubeba magunia ya mawe hadi nilipokabidhi nyundo. Nadhani mlitaka hadithi za simba, na za wazungu walioanguka kutoka kwenye Land Rover. Zipo. Lakini nimekaa hapa Kalamba miezi minane sasa, asubuhi nafungulia mbuzi, mchana najaribu kuandika, na kila nikishika kalamu najikuta niko kwenye mto mmoja kule Nuu. Nimejaribu kuukwepa nimeshindwa. Kwa hivyo mambo ya vyeo na mishahara hamtayaona humu. Hayo yasomeni kwenye mafaili, kama panya hawajayamaliza.

Niliajiriwa miaka michache baada ya uhuru, pale stesheni ya Emali, na sikuajiriwa kwa sababu ya elimu. Kampuni ya kutafuta madini ilikuwa na magunia ya mawe ya kupakia kwenye behewa, na mpakiaji mmoja alikuwa ameumia mgongo. Mimi nilikuwa nimesimama karibu, nina mgongo mzima. Nilishangaa sana kuona watu wazima wakilipa nauli ya treni ili mawe yaende Nairobi, kana kwamba huko mawe yameisha. Gunia la tatu nililitupa kwa kishindo, na mzee aliyekuwa akiandika namba akaja akasimama mbele yangu.

“Kijana, kila gunia iko na namba yake,” aliniambia. “Ukipasua hii, ukachanganya na ile, kesho tutaambia mtu kuna shaba kwa shamba yake na hakuna kitu. Beba polepole.”

Huyo ndiye Mzee Ndambuki, aliyenifundisha kila kitu ninachokijua cha maana. Alikuwa mtu wa Kitui, mfupi, asiyependa maneno, mikono imejaa makovu madogo ya mawe. Enzi za mkoloni, akiwa hana hata ndevu, alipanda treni hadi Kisumu kisha akatembea hadi Kakamega, kwa sababu habari zilikuwa zimeenea kwamba huko dhahabu inaokotwa. Tukikaa kula mchana alikuwa akitusimulia, kidogo kidogo, kama mtu anayelipa deni asilolipenda. Wazungu waliofilisika mashambani kwao walikuja na mahema na magari mabovu, wengine na wake zao, wakapiga vigingi kwenye mashamba ya wenyeji. Mtu anaamka anakuta kigingi katikati ya mtama wake, na akiuliza anaambiwa cha juu ni chake, cha chini si chake. Mzee alichimba mashimo ambayo mtu huteremshwa kwa kamba. Alikula ugali na kunde mwaka mzima. Aliona watu wakijenga kilabu cha pombe kabla ya kujenga choo. Aliona pia ujanja. Mtu mwenye shimo tupu alikuwa akitia unga wa dhahabu ndani ya risasi za bunduki ya kuwindia ndege, anaupiga ukuta wa shimo, halafu anamwita mnunuzi aje aone mwamba unavyong'aa. Baada ya miaka michache wengi waliondoka, wakaacha mashimo yaliyojaa maji na mbu.

“Na wewe ulipata nini huko, mzee?” nilimuuliza.

“Nilipata kujua kuosha mchanga kwa karai,” alisema. “Na hiki kikohozi.”

Ninyi mnaosha karai vizuri, lakini mnaharakisha. Mimi nilichukua miezi mitatu kujifunza. Mzee alikuwa akinitilia chembe kumi za risasi, ile metali nzito laini, kwenye mchanga kisha ananiambia nilizungushe karai hadi ubaki mchanga mweusi wa kijiko kimoja, halafu nimrudishie chembe zake. Wiki ya kwanza nilimrudishia mbili. Alisema nyingine nane nimewapa samaki, na mto wenyewe haukuwa na samaki. Kazi yote iko kwenye mkono wa kushoto. Wa kulia unasindikiza tu. Dhahabu ikiwapo huburutika nyuma ya mchanga mweusi, haina haraka, na mwosha karai naye hatakiwi kuwa na haraka.

Sheria yake kubwa ilikuwa moja. Ukihama mto, unachoma karai. Unawasha moto, unaliweka juu yake tupu hadi limalize kutoa moshi na chuma kibadilike rangi, unalisugua kwa jivu na mchanga, kisha unaosha karai la kwanza kwa udongo wa pale kambini, mahali unapojua hapana kitu. Likitoka safi ndipo unashuka mtoni. Mafuta hushika dhahabu, na kutu hutoboa vishimo vidogo ambamo chembe hujificha hata wiki tatu. Shughuli hiyo inakula asubuhi nzima, na anayekuona hadhani kwamba unafanya kazi.

Miaka ile ya mwanzo tulizunguka Makueni na Kitui, tukapata ulanga, jiwe la maganda linalometa, chokaa, mawe ya kijani ambayo hakuna aliyeyataka, na nyoka. Kila kijiji kilikuwa na mtu mwenye kopo lake la siri. Mzee mmoja wa kanisa pale Emali alituletea kitu kilichofungwa kwa leso tatu. Ndambuki alikikwangua kwa ukucha, kikamenyeka kama kitunguu, akamwambia kwa heshima kwamba dhahabu haina maganda, huo ni ulanga. Yule mzee alifunga leso zake moja moja na hakutusalimia tena. Nilimwonea Ndambuki huruma siku hiyo. Sikujua kwamba hiyo ndiyo sehemu ya kazi ambayo itanishinda mimi.

Katika miaka ya sabini nilipelekwa upande wa Migori kwa miezi miwili kusaidia kikosi kingine. Huko dhahabu ipo kweli, na niliiosha kila siku. Jumamosi moja sufuria ya mpishi ilitoboka, nasi tulikuwa na mbuzi aliyekwisha chinjwa, basi tukamkaangia kwenye karai langu. Naliungama hili kwanza kwa kuwa ni dogo. Nililipangusa karai kwa majani, nikalifunga kwenye mzigo, na wiki iliyofuata nikaamriwa kwenda Nuu kuongoza kikosi cha watu wanne. Ndambuki alibaki Emali na kikohozi chake. Nilipopita hapo alinipa mkono tu, akasema, “Choma karai.”

Tulifika Nuu kiangazi kimekaza. Mto ulikuwa mchanga mtupu, na wanawake walikuwa wamechimba kisima katikati yake, wanateremka kwa zamu kuchota maji kwa kata. Aliyekuwa akiwapanga foleni aliitwa Kalunde, mke wa Kilonzo, ambaye shamba lao lilishuka hadi ukingoni. Niliwasha moto wangu pale kivulini, nikatega karai juu ya mafiga. Kalunde akaniangalia, akaangalia karai.

“Wakya, mwanaume!” alinisalimia kwa Kikamba. “Unapika nini bila maji?”

“Anapika njaa,” mwingine akajibu, wote wakacheka.

“Ama huko kwao hakuna wanawake wa kumpikia?”

Nilikuwa na umri wa miaka thelathini na kidogo, sijaoa bado, na nilikuwa nimevaa kofia mpya ya kazi. Ningeweza kucheka nao na kuendelea. Ningeweza kuwaeleza. Badala yake nilisukuma mchanga kwa kiatu nikauzima moto, nikachukua karai, nikaenda mtoni nionekane nikifanya kazi ya mwanaume. Karai halikuwa limepata hata moto wa kuchemsha chai.

Niliwaomba maji ndoo moja, nikachota mchanga karibu na jiwe kubwa, nikaanza kuzungusha. Jua lilikuwa kali na chuma kilikuwa na joto, mafuta ya mbuzi wa Migori yakaanza kulainika. Nilipofika kwenye mchanga mweusi, chembe tatu za njano zilijikokota nyuma yake. Ndambuki alikuwa amenifundisha kwamba ukiona kitu kama hicho unanyamaza, unamimina kwenye chupa, unaandika namba, unaosha la pili na la tatu. Mimi nilipiga kelele.

Kalunde alikuja akainama. “Hii inang'aa ni nini?”

“Ni dhahabu, mwaitu,” nilisema, yaani mama, kwa sauti ambayo foleni nzima ilisikia.

Karai la pili halikutoa kitu. La tatu pia. Hayo hakuna aliyeyaangalia, kwa sababu wanawake walikuwa wamekwisha beba habari pamoja na maji.

Ndani ya wiki moja mto ule ulipata watu wengi kuliko soko. Walikuja kutoka Mwingi, kutoka Kitui mjini, hata vibarua kutoka huku kwetu Makueni waliosikia habari kwa madereva wa malori. Walichimba mchanga, wakachimba ukingo. Walijenga vibanda vya matawi na nailoni. Mtu mmoja alinyoa watu chini ya mgunga, mwingine alikodisha ungo wa kuchekechea kokoto. Walimu walianza kuugua siku za kazi na kupona mtoni. Kijana akiona ulanga unametameta alikuwa akipiga yowe, wote wanakimbilia shimo lake, kisha wanarudi kimya kimya kila mtu kwake. Kisima cha wanawake kilifukiwa siku ya nne, na Kalunde na wenzake wakaanza kwenda mbali sana kutafuta maji, wakirudi wamechoka, lakini bila kulalamika. Walisema maji yatakuja, dhahabu ndiyo hii imekuja.

Alikuja pia Mama Wanjiru, mfanyabiashara niliyemfahamu Emali, mama wa Kikuyu mwenye sauti ya upole na macho yasiyopitwa na kitu. Aliuza sepetu, chai, na maandazi, na Jumapili alifunga kibanda akaenda kanisani. Siku moja alinimiminia chai akaniuliza, “Bwana Kyalo, wewe mbona huchimbi?”

“Kampuni hairuhusu, mama.”

“Na ndugu zako wa Kalamba? Kampuni inawakataza pia?” Alisogeza sahani ya maandazi kwangu. “Mimi nimeuza vitu siku nyingi. Mtu akijua kitu ni kizuri, hata kama ni kwa siri, anawekea watu wake kidogo.”

Kabla wiki ya pili haijaisha alikuwa amekunja nailoni yake akarudi Emali. Wengine walimcheka kwamba ameikimbia bahati. Mimi sikumcheka, kwa maana wakati huo nilikuwa nimekwisha jua.

Nilijua hivi. Nilipata habari kwamba Mzee Ndambuki anakuja kuangalia mto mwenyewe. Niliogopa aione hali ya karai langu, kwa hivyo Jumamosi ya wiki ya kwanza, watu wote wakiwa mtoni, nilibaki kambini nikalichoma kama inavyotakiwa. Mafuta yalitoa moshi mrefu wenye harufu ya nyama. Nikalisugua, nikaosha udongo wa mlangoni pa hema langu, mahali ambapo hata ulanga haukuwapo. Zilitoka chembe mbili nyingine za njano, ndugu kabisa wa zile tatu. Niliziangalia nikiwa nimechutama. Hakukuwa na dhahabu Nuu. Kulikuwa na dhahabu ya Migori iliyosafiri na mimi kwenye mafuta ya mbuzi. Wale wajanja wa Kakamega walipiga mwamba kwa bunduki wakijua wanalolifanya, na mimi nilifanya lile lile kwa uvivu na kofia mpya.

Siku iliyofuata ilikuwa Jumapili. Kanisa lilikuwa la mabati, limejaa hadi nje, na mchungaji aliniona nyuma nilikojibanza.

“Leo tuko na mgeni ambaye Mungu ametumia,” alisema. “Ndugu Kyalo, simama usalimie kanisa.”

Nilisimama. Kalunde alikuwa mstari wa mbele na mumewe Kilonzo, wameketi pande tofauti kama ilivyo desturi, kila mmoja amegeuza shingo kunitazama. Niliambia nafsi yangu, sema sasa, maneno matatu tu, karai lilikuwa chafu. Sijawahi kuwa na nafasi nzuri kama ile, watu wote mahali pamoja, wakinisikiliza, wakiniamini.

“Bwana asifiwe,” nilisema.

“Amina!”

“Mungu ni mwema.”

“Kila wakati!”

“Mto huu umebarikiwa. Tuzidi kuomba.” Nikakaa. Kina mama wakaimba, na baada ya ibada nikapewa jogoo. Nilimla.

Ndambuki alifika siku mbili baadaye. Aliosha mto ule siku tatu, juu na chini, kwa karai lake mwenyewe, akiwa anakohoa. Hakupata kitu. Jioni ya tatu alinikuta nikifunga chupa za sampuli.

“Ulichoma?” aliuliza.

“Nilichoma, mzee.”

“Kabla?”

“Kabla.”

Aliniangalia kwa muda ambao nimeuhesabu mara nyingi tangu hapo. Hakuuliza tena. Kesho yake aliwaambia watu waziwazi kwamba ameosha na hajaona kitu, afadhali warudi mashambani mvua ziko karibu. Wengi hawakumwamini. Walisema ameletwa na kampuni awafukuze ili wazungu wachimbe peke yao, na mkumbuke wakati huo watu walikuwa na sababu za kuwaza hivyo. Mtu ambaye wangemwamini alikuwa mmoja tu, na alikuwa hemani anaandika vibandiko. Ndambuki aliendelea kufanya kazi nami miaka kadhaa baada ya hapo, hadi kikohozi kilipomrudisha nyumbani, lakini hakuwahi tena kunipa karai lake nilishike. Hilo liliniuma kuliko kama angenipiga.

Sasa nifike kwa Kilonzo.

Mliozaliwa mijini huenda mmeyaona matuta ya Ukambani kwenye picha mkadhani mlima ulikuja hivyo. Yanachimbwa kwa jembe, na huchimbwa na mwethya, kikundi cha majirani, zaidi kina mama, wanaohama boma kwa boma siku za zamu, wakiimba, leo kwako kesho kwangu. Mama yangu alikuwa wa mwethya hapa Kalamba. Nilimwona akirudi na viganja vimepasuka. Shamba la Kilonzo lilikuwa na matuta tisa, mwethya wa Kalunde uliyachimba kiangazi baada ya kiangazi, na lilikuwa shamba la pekee upande ule lililovuna mtama hata mwaka mbaya. Wachimbaji wote walikuwa wakilitazama, kwa sababu lilipakana na lile jiwe kubwa nilipooshea.

Kilonzo alinijia asubuhi moja, akakataa kiti, akachutama karibu na moto wetu. Tulizungumza Kikamba. Nayaandika kwa Kiswahili kwa kuwa ninyi mnatoka kila pembe.

“Mwana wa Kalamba,” alisema, “kwenu mnajua matuta. Mimi nikikata hii yangu, wale kina mama hawatachimba mara ya pili. Wamezeeka. Niambie ukweli. Chini kuna kitu ama hakuna?”

“Majibu iko Nairobi, mzee. Ngoja majibu.”

“Mimi siulizi Nairobi. Nauliza wewe.”

Nilikoroga chai ambayo haikuwa na sukari.

“Yule mzee wenu anasema hakuna,” aliendelea. “Lakini yeye hakuona. Wewe ndio uliona. Uliona ama hukuona?”

“Niliona,” nilisema.

“Basi,” alisema, akainuka, akanishukuru kwa mikono miwili.

Nimejitetea kwa neno hilo miaka mingi. Niliona, si niliona? Chembe tatu, kwa macho yangu. Sikusema uongo hata kidogo. Nimeishi vya kutosha kujua kwamba ule ulikuwa uongo mbaya kuliko wote niliowahi kusema, na nilimwambia mtu aliyekuja kuniuliza kwa adabu, shamba lake likiwa bado zima.

Aliyakata matuta kuanzia chini, yeye na wanawe wawili wakubwa, na Kalunde akabeba udongo kwa karai la kichwani. Waliokuwa wakihama walirudi walipoona Kilonzo mwenyewe amekata, wakasema huyu ni mtu wa akili, hawezi kukata bure. Majibu ya Nairobi yalikuja kwa barua ya mistari minne. Sampuli zote hazikuwa na kitu, isipokuwa ile namba yangu moja, ambayo waliandika inashukiwa kuchafuka. Nilikunja barua nikaitia kwenye faili. Maagizo ya kampuni yalikuwa kwamba majibu hayaonyeshwi wanakijiji, na sijawahi kutii agizo kwa furaha kama hilo.

Mvua ya Novemba ilitukuta tukifunga kambi. Ilinyesha siku mbili bila kupumzika, na mto ambao nilikuwa nimeuona mchanga mtupu ulijaa ukawa mwekundu. Nilisimama ng'ambo nikaona shamba la Kilonzo likiteremka. Tuta la chini halikuwapo, kwa hivyo la pili halikuwa na cha kuegemea, na la tatu likafuata. Kilichobaki ni mawe meupe na mizizi. Kilonzo alikuwa amesimama juu karibu na boma, gunia kichwani, anatazama. Aliniona akanipungia mkono. Nami nikampungia.

Hakuna aliyekufa kwenye mashimo yale. Kwa muda mrefu nilijifariji kwa hilo.

Yaliyofuata mnayajua zaidi, maana wengine wenu mlinikuta. Mliniita Mzee Moto kwa sababu ya kuchoma karai mara tatu, na mlikuwa mkicheka kwamba nachoma hata bakuli la uji. Mlidhani ni ukali wa kazi. Niliwafundisha vizuri, nadhani, lakini kila mliponisifu kwa uangalifu wangu nilikuwa nikitamani ardhi ipasuke. Nyingi za safari zetu nilizipanga mwenyewe, na mtaona mkifungua ramani kwamba kwa miaka ishirini hakuna kikosi changu kilichopita Nuu.

Nilipostaafu nikajiambia sasa sina bosi wa kumwogopa. Nikapanda basi hadi Mwingi, kisha pikapu ya mizigo hadi Nuu, nikafika siku ya Alhamisi. Kalunde alikuwa amezeeka, amepinda, lakini alinitambua kabla sijajitaja. Alinikaribisha muthokoi, mahindi yaliyokobolewa yakapikwa na maharagwe. Kilonzo, aliniambia, alifariki miaka sita iliyopita. Nilikula kwanza, kwa sababu kukataa chakula kungekuwa kosa lingine, kisha nikamwambia yote: mbuzi wa Migori, moto niliouzima walipocheka, chembe mbili za Jumamosi, kanisa, barua. Hakunikatiza. Alikuwa akichambua kunde kwenye ungo, na nilipomaliza aliendelea kuchambua kwa muda.

“Tulicheka,” alisema mwishowe. “Kumbe ulikuwa unapika kitu ya maana.”

“Nisamehe, mwaitu.”

“Kilonzo alikufa akiomba watoto msamaha. Alisema yeye ndio alichoka kabla ya kufika chini. Aliambia hao vijana, mimi nimeshindwa, nyinyi msishindwe.” Aliweka ungo chini. “Kila kiangazi wanachimba pale. Wameacha wake zao wanalima mawe. Ungekuja wakati yeye alikuwa anasikia.”

Niliweka sahani yangu kando ya ungo.

“Mimi nikiwaambia ni bure. Watasema mama amezeeka. Wewe ulisimama kanisani ukasema imebarikiwa. Jumapili simama pale pale, useme ile ingine.”

“Nitasema,” nilimwambia, na wakati huo nilikuwa namaanisha.

Ijumaa nilishuka mtoni. Wanawe wawili walikuwa ndani ya shimo, watu wazima sasa, nywele zimeanza mvi. Mkubwa alipanda juu akajipangusa mkono kabla ya kunisalimia.

“Wewe ndio Kyalo? Baba alikuwa anakutaja sana. Alisema wote walimzungusha, kampuni, hata yule mzee wenu. Alisema mtu mmoja tu ndio hakumdanganya.”

Jumamosi asubuhi nilimwambia Kalunde nimeishiwa dawa ya presha, nafika Mwingi mara moja. Alinisindikiza hadi njiani, polepole kwa ajili ya mguu wake, na nilipoingia kwenye gari hakusema safari njema. Aliniambia ibada inaanza saa nne. Dawa zilikuwa mfukoni mwangu, kopo zima. Saa nne ya Jumapili nilikuwa hapa Kalamba, nimekaa kwenye kiti hiki.

Ndiyo maana nawaandikia. Kama kazi itampeleka mmoja wenu upande wa Nuu, aulize nyumbani kwa Kalunde, afike siku ya ibada, asimame mbele ya watu awaambie kwamba dhahabu ile ilikuwa ya Migori, karai lilikuwa langu, na Kilonzo hakushindwa na kitu. Najua hiyo si kazi yenu. Nauli ninayo, miguu yangu bado inatembea, na basi la Mwingi hupatikana kila siku.